Barua Iliyopanda Ndege Nyeupe

"Nataka ile nyeusi, ya kivita," Ulimboka alisema, kidole kimeganda kwenye kioo cha kabati langu.

"Ile si ya kwako."

"Imeshanunuliwa?"

"Hapana. Wewe umewahi kurusha nini maishani mwako?"

Alifikiri. "Kishada."

Mimi ni fundi simu, Chang'ombe, na pembeni nauza ndege ndogo za rimoti kwa sababu ugonjwa huo ninao mwenyewe. Kila Jumapili baada ya misa narusha yangu kwenye uwanja mtupu nje ya Mtumba. Nikamtolea nyeupe ya povu gumu, mabawa juu ya mgongo, pangaboi moja, mwendo wa pole. Nikamweleza kwamba nyeusi ina mbio, ukikosea kidogo tu imeshachimba ardhi. Hii nyeupe ukiiachia inajiweka sawa yenyewe, na ikivunjika unapaka gundi maisha yanaendelea. Sharti moja tu: isiongezewe kitu mbele wala nyuma, maana ikikosa mizani hairuki.

Aliandika yote kwenye daftari. Kisha akasema yeye ni afisa ugavi wizarani kule Mtumba, hawezi kuchagua kitu bila kulinganisha vitatu. Akarudi Jumanne. Akarudi Alhamisi. Wiki tatu nzima.

Mimi si mjinga. Mtu hatoki Mtumba hadi Chang'ombe mara saba kuuliza urefu wa bawa. Na nilikuwa nimeshampenda, nasema wazi, tangu siku alipoifuta ile nyeupe vumbi kwa leso yake mwenyewe na kuirudisha kabatini taratibu. Lakini kila nikimtazama machoni, anauliza habari za betri.

Ndipo baba akapiga simu kutoka kijijini kwetu, Busi. Ludovick, yule mwenye mashine ya kukamua alizeti, alikuwa ametuma mshenga na barua ya posa.

"Baba, nipe muda."

"Mwanangu, una miaka thelathini na moja. Muda nilishakupa. Jumapili nakuja huko. Kama hadi jioni sijashika barua nyingine, namjibu Ludovick ndiyo."

Baba ni mtendaji wa kijiji mstaafu. Kwake jambo ambalo halijaandikwa halipo. Nikameza kiburi changu, nikamwandikia Ulimboka: "Baba ameletewa barua ya posa yangu. Anaijibu Jumapili."

Jibu lilikuja baada ya saa mbili: "Taarifa yako imepokelewa. Inafanyiwa kazi."

Nilitaka kuibamiza simu ukutani, nikakumbuka ni mimi mwenyewe nitakayeitengeneza.

Jumamosi alikuja, akainunua ile nyeupe, akasema asante, kesho ataileta uwanjani nimfundishe kuirusha, akaondoka. Nililia nikiwa nimefunga mlango wa duka.

Jumapili baba alikaa kwenye kiti cha plastiki pembeni mwa uwanja, saa mkononi. Ulimboka akatokea na suti, ndege kaikumbatia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mwanafunzi wa ndege?"

Alijibu ndiyo, jasho linamtiririka, akanigeukia. "Hutaikagua kwanza?"

"Betri nimeshaitazama."

"Ikague tena. Yote. Bila haraka."

"Rusha, Ulimboka." Nilikuwa nimechoka naye.

Nikaitupa hewani kwa mkono. Pua ikainuka, ikazidi kuinuka, hadi ndege ikasimama kwa mkia.

"Shusha pua."

"Nashusha. Haitaki."

Nikampokonya rimoti, nikasukuma kijiti chake hadi mwisho. Wapi. Ikarudi chini kinyumenyume na kutua hatua tatu kutoka kwenye kiti cha baba, mkia ukapasuka. Ndani ya mkia ikachomoka leso, na ndani ya leso bahasha ya kaki iliyokunjwa mara nne.

"Umeweka mzigo mkiani? Nilikwambia nini kuhusu mizani?"

"Nilijua utaifungua kuikagua," alisema kwa sauti ndogo. "Tumboni betri ilijaza nafasi yote."

Baba alikuwa ameshaiokota. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya mkutano wa kijiji:

"Kumbukumbu namba UL/RES/01. Kwa Mzee Ernest, Busi. Kupitia kwa Restuta, Chang'ombe. Yah: Maombi ya kumwoa binti yako. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu."

Akaendelea kimoyomoyo hadi mwisho. Akaikunja. "Siwezi kuishughulikia."

"Ina kosa gani, mzee?"

"Imenifikia bila kupitia kwa anayepaswa kuipitisha. Nimekaa ofisini miaka ishirini na mbili, kijana. Barua ya namna hii hurudishwa."

Akanipa mimi. Chini kabisa paliachwa mistari miwili mitupu, na juu yake maneno: *Maoni ya anayepitisha*. Herufi zilianza kunichezea machoni.

"Kwa nini hukusema kwa mdomo?" nilimuuliza. "Wiki tatu, Ulimboka."

"Ningesema ukanikatalia, nisingekuwa na sababu ya kurudi dukani. Kwa ndege naweza kurudi kila siku."

Hapo hasira yote ikaniisha. Nikaomba kalamu, na wote wawili wakachomoa zao kwa pamoja. Nilichukua ya Ulimboka. Nikaandika, baba akasoma juu ya bega langu:

"Napitisha. Mwombaji ni mtu wa pole na anafaa, ila asiachiwe rimoti peke yake."

Baba akatia sahihi yake chini ya yangu, akaandika na tarehe. Kisha akakuna kidevu. "Sasa Ludovick nimjibuje?"

"Mwambie nafasi imeshajazwa, mzee," Ulimboka alidakia.

Ni jibu pekee alilowahi kutoa papo hapo. Tumefunga ndoa mwezi wa nane, na mapazia ya sebuleni bado anayalinganisha.