Mate ya Njiti

Kila asubuhi kifunguamimba wa nyumba ile, msichana wa miaka kumi na mitatu, aliosha vyombo, akafagia ua, kisha akamwogesha kitindamimba. Mtoto huyo alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Hospitali ilitaka kumwekea uboho kutoka kwenye mifupa ya ndugu anayelingana naye kwa jeni.

Siku moja mama alileta kutoka hospitali vichupa viwili vya kutemea mate ya kupimwa jeni. "Kimoja chako, kimoja cha Njiti," alisema, akaenda kazini.

Kifunguamimba alikuwa amesikia kwamba atakayelingana atachomwa sindano mfupani. Akamwita Njiti, mdogo wake wa miaka tisa, akampa vichupa vyote viwili.

"Tema."

"Hiki si chako, dada?"

Alimfinya sikio mpaka machozi yakamtoka. "Ukisema kwa mama, utalala stoo na panya." Njiti akatema mpaka kinywa kikamkauka.

Wiki tatu baadaye mtaalamu wa maabara aliwaita wazazi na binti yao mkubwa, akawageuzia kompyuta.

"Programu hii inalinganisha jeni za wote waliopimwa," alisema. "Inaonyesha mate ya vichupa hivi ni ya mtu mmoja, tena asiyelingana na mgonjwa. Binti zenu ni mapacha?"

"Mapacha wamepishana miaka minne?" baba akafoka. "Umechanganya vichupa vyako, unatusumbua sisi."

Kifunguamimba aliinama kufunga kamba ya kiatu. Mtaalamu akaomba radhi, akarudia kipimo kwa mate yaliyobaki.

Kabla jibu halijatoka, kitindamimba alianguka akicheza. Kiharusi, kilicholetwa na selimundu. Mkono wake wa kulia ukalegea kama kamba. Njiti alipomwona akishindwa kushika kikombe, alilia, akasema yote.

Safari hii kifunguamimba alitema mwenyewe, mama akiwa amemsimamia. Jeni zake zililingana na za kitindamimba. Uboho wake ukatolewa, akawekewa mtoto, na baada ya miezi kadhaa damu ya mtoto ikawa nzima. Nguvu za mkono hazikurudi.

Siku moja, mlangoni pa wodi, kifunguamimba alimwomba mtaalamu msamaha. Ndani, mama alikuwa akimfundisha kitindamimba kuandika kwa mkono wa kushoto.

"Mimi ulinivunjia heshima kwa siku chache, nimekusamehe," alisema mtaalamu. "Lakini ukweli tuliokuwa tukiutafuta kwa mashine, binti yangu, wewe ulikuwa nao tangu siku ya kwanza. Ukweli ukifichwa, kuna anayeumia, na mara nyingi si yule aliyeuficha. Sasa nenda kamshikie daftari, linamteleza."