Mashini ya Pili ya Zuberi

Haya yalimpata Séverin, rafiki wa papa yangu, mwaka 1956, naye hakuwa mtu wa kuongeza chumvi.

Alikuwa amepiga filamu ya wavuvi wa maporomoko ya mto kwa kamera ya kuazima. Ilibaki sauti ya baba yake, Papa Anselme, akisimulia mitego ya zamani kabla ugonjwa haujamchukua. Dukani kwa Zuberi, mtaani Makiso, palikuwa na mashini mbili za kunasa sauti. Mpya ilimshinda bei. Ile kuukuu aliijaribu kifundi: alifunga madirisha, akakaa gizani, akanasa ukimya wa chumba.

Aliporudisha utepe, alisikia mtu akitafuna kinywa wazi, akinyonya mfupa. Kitambaa cha maikrofoni kilikuwa kimelowa, kinanuka samaki aliyeoza.

"Iko mate ya batu tu, kaka," Zuberi alicheka aliposikilizishwa utepe. "Panguza, ukamate. Kama inakula, bon, angalau haitakuomba posho!"

Séverin alipangusa, akainunua.

Nyumbani alifunga tena madirisha. Mzee alisimulia vizuri, toka mtego wa kwanza hadi majina ya babu zake. Utepe uliporudishwa, hapakuwa na neno hata moja. Palikuwa na kutafuna, polepole, kisha kumeza.

"Papa, sema tena," Séverin aliomba.

Mzee alifungua kinywa. Midomo ilicheza, ulimi ukatembea, sauti haikutoka. Kwenye kitambaa cha maikrofoni, mate yalikuwa bado ya moto.