Pembe Ndani ya Kalibu

"Nondo Tatu, acha kumfuata. Rudi ofisini," redio iliamuru.

Tabea Laizer, ofisa wa wanyamapori, aliminya usukani wa Land Rover. Mbele yake lori la Kessler, Scania nyekundu, lilikuwa limeshaipita Ngaramtoni, likikimbilia mpaka wa Namanga.

"Sababu, Mkuu?"

"Kessler ni mwekezaji. Ana kibali. Nimepigiwa simu kutoka juu."

Mwekezaji! Tangu milango ya biashara ifunguliwe, neno hilo lilifungua kila geti. Wiki iliyopita majangili waliua faru na askari wawili wa wanyamapori. Tabea alibeba jeneza la mmoja.

Akaizima redio ya Motorola.

Kando yake aliketi fundi Aminieli Pallangyo wa Usa River. Kwa miezi minane alikuwa akimtengenezea Kessler kalibu la faibaglasi, la kuundia mashua ya matanga yenye matumbo mawili. Asubuhi hiyo, wakati wa kulipakia, lilikuwa zito kuliko alivyoliacha Jumamosi. Akaenda kutoa taarifa kwa Tabea.

"Una hakika, mzee?"

"Mwanangu, nimelipiga msasa kwa mikono hii. Mtu ameongeza kitu."

Tabea alikanyaga mafuta, akaipita Scania na kuikatia mbele. Breki zikalia.

Kessler aliruka chini akipunga karatasi. "Nitakufukuzisha kazi! Mimi mgeni wa serikali!"

"Simama hapo hapo."

Aminieli alipanda nyuma ya lori, akagonga kalibu kwa vidole.

Ngo. Ngo. Ngo.

Du.

"Hapa si kazi yangu," alisema.

"Lipasue."

Mzee alisita. Miezi minane! Akainua shoka lililokuwa mle kwenye lori, akashusha.

Pembe za faru zikamwagika. Kumi na nne.

Kessler alichomoa Beretta.

Teke la Tabea lilimkuta kwenye kifundo cha mkono. Mfupa ukalia. Bastola ikateleza chini ya lori, na kabla Kessler hajamaliza kupiga yowe, pingu zilikuwa zimemfunga kwenye bampa.

"Nimewazika wawili kwa sababu yako," Tabea alimwambia. "Piga simu huko juu sasa."

Akaiwasha tena redio, akataja walipo. Nusu saa baadaye Mkuu alifika na polisi na mpiga picha wa gazeti. Alikuwa anatabasamu.

"Hongera, Tabea! Operesheni yetu imefana."

Tabea alimtazama mpaka tabasamu likamkauka usoni. Akamtupia ufunguo wa pingu.

"Mzee, panda nikurudishe nyumbani."

Land Rover ikageuza, ikawaacha na vumbi lao.