Kiingereza cha Mvua na Radi

— Sema tena.

— Drizo.

— Hapana. Drizzle. Ulimi uteleze kidogo.

— Drizzle. Sasa hiyo iko mvua gani?

— Ile nyembamba. Mutu anaidharau, anatembea tu, hakimbii. Akifika nyumbani anakuta nguo yote imelowa.

Victorine alicheka, vidole vikiendelea kubambua karanga. Moustapha naye alirudisha mguu kwenye cherehani, lakini macho hayakuwa kwenye kitambaa.

Ilikuwa Kasongo, mwaka wa pili tangu vita ya Wazungu iishe. Moustapha alikuwa kijana wa Kiislamu kutoka Kabambare. Vitani Wabelgiji walimpeleka mpaka Misri, akawekwa kulinda uwanja wa ndege wa Waingereza. Kila asubuhi sajini mmoja Mwingereza aliwatangazia marubani hali ya anga, na Moustapha, akiwa amesimama mlangoni na bunduki, aliyashika maneno yote. Kuomba maji ya kunywa kwa Kiingereza hakujua. Kuomba njia hakujua. Alijua mambo ya juu tu: rain ni mvua, cloud ni wingu, fog ni ukungu mzito, thunder ni ngurumo, lightning ni ule umeme unaotangulia ngurumo, storm ni tufani yenyewe.

Aliporudi alijifunza kushona, na mzee Hippolyte, mwalimu wa katekisimu, akampa nafasi ya cherehani kwenye baraza yake. Hippolyte alikuwa mjane. Victorine ndiye mtoto pekee aliyebaki nyumbani.

— Leo nakupa neno kubwa, Moustapha alisema. Climate.

— Klaimeti. Maana yake?

— Weather ni hali ya leo. Asubuhi jua, mchana mvua, inageuka saa yoyote. Climate ni tabia ya inchi yenyewe. Hiyo haigeuki ovyo. Mwaka huu namna hii, mwaka ujao namna hii.

Victorine aliacha karanga.

— Na wewe, haya unayoniambia kila siku, ni weather ao ni climate?

Cherehani ilinyamaza. Moustapha alimwangalia mpaka muulizaji mwenyewe akaona haya.

— Nataka kukuoa, Victorine. Jibu umelipata.

Kikohozi kilisikika ndani. Hippolyte alitokea mlangoni, miwani mkononi. Ukuta wa nyumba ile ulikuwa wa udongo, na masikio yake yalikuwa mazima.

— Victorine, ingia ndani. Siku ya Mungu Théophile anakuja na wazee wake. Na wewe, fundi, shona.

Théophile alikuwa karani katika biro ya territoire, ofisi ya Wabelgiji ya wilaya. Kaptula nyeupe, soksi ndefu, Kifaransa cha shule. Alikuja Jumapili kama alivyoahidi, wazee wawili nyuma yake, kuku na kitambaa mikononi mwao. Waliongea vizuri, kwa kuzunguka na kwa heshima. Ndipo Hippolyte akamwita binti yake.

— Mwanangu, wageni hawa umewaona. Unasemaje?

— Nawasalimu, baba zangu. Muliyoleta muyarudishe. Mimi sitaki kuolewa na Théophile.

— Victorine, baba yake alisema kwa sauti ya chini.

— Baba, umeniuliza mbele ya watu. Nimejibu mbele ya watu.

Wazee waliinuka bila kumaliza pombe. Théophile alimfuata Victorine mpaka jikoni, uso umekaza.

— Ni yule mushonaji.

— Ni mimi. Yeye hakuwa hapa.

— Nimewasikia hapo barazani. Storm, thunder, nini sijui. Unajua nani wanajificha kwa Kingereza? Watu wa Kitawala. Na serikali inawafunga.

— Tunasema mvua, Théophile.

— Utaenda kuieleza kwa Bwana Mukubwa hiyo mvua yako.

Kitawala ilikuwa dini iliyopigwa marufuku. Wafuasi wake walisema utawala wa Wazungu uko karibu kuisha, na vitabu vyao vilitoka kwa watu wa Kiingereza. Mtu akitajwa kwa jina hilo, askari hawakuuliza mara mbili. Jumanne walimkuta Moustapha anapima mgongo wa mteja, wakamfunga mikono, wakamtia buloko, gereza la serikali.

Victorine alirudi kutoka mtoni akakuta cherehani imepinduliwa na baba yake amekaa, mikono magotini.

— Théophile amepita hapa, Hippolyte alisema. Anasema kesho watakuita. Ukieleza kwamba Moustapha alikufundisha sala za Kitawala, na wewe hukujua, watakuacha. Yeye watamupeleka mbali.

— Na wewe Baba unasemaje?

— Mimi nimepoteza watoto watatu. Sitaki kupoteza na wa ine.

— Nimekuuliza unasemaje, si unaogopa nini.

Hippolyte alivaa miwani, akaivua tena.

— Basi mimi nakuambia, Victorine alisema. Sitasema uongo juu yake. Wanipige, wanifunge, sitasema. Na usiniombe tena, Baba, sababu sitaki siku moja nikukumbuke kwa neno hilo.

Kesho yake biro ilijaa. Administrateur, yule Bwana Mukubwa wa Kibelgiji, alikaa nyuma ya meza, mwanamume mnene mwenye kuzungumza Kiswahili cha amri. Théophile alisimama pembeni yake. Moustapha aliletwa, mdomo umevimba, shati limechanika begani. Victorine alipomwona aliuma meno, asimpe Théophile machozi ya kuangalia.

— Wewe mwanamuke, administrateur alianza. Huyu mutu alikufundisha sala ya Kitawala?

— Hapana, Bwana.

— Karani alisikia. Alisikia: tufani inakuja, damu inakuja. Hii iko maneno ya kufukuza Wazungu.

— Iko maneno ya mvua, Bwana.

— Sema alikudanganya, halafu unakwenda nyumbani.

— Hakunidanganya. Munataka maneno, nitawapa yote. Rain, mvua. Drizzle, mvua nyembamba. Fog, ukungu. Cloud, wingu. Thunder, ngurumo. Storm, tufani. Flood, mafuriko. Weather, hali ya leo. Climate, tabia ya inchi. Hayo ndiyo alinifundisha, na nilipenda kuyajifunza, na kesho nikitaka nitayasema tena.

Askari mmoja aliinamisha kichwa kuficha tabasamu. Théophile alinong'ona kitu kwa Kifaransa. Administrateur aligonga meza.

— Karani anasema umefundishwa kujibu. Hakuna shahidi.

— Shahidi iko.

Sauti ilitoka nyuma, karibu na mlango. Victorine aligeuka. Alikuwa baba yake, kofia kifuani, amesimama kama anavyosimama kanisani.

— Mimi ni Hippolyte, mwalimu wa katekisimu. Huyu kijana anashona kwenye baraza yangu. Bwana, mimi simutaki kwa binti yangu. Yeye Muislamu, mimi Mukristo, na karani huyu ndiye nilimuchagua mwenyewe. Lakini kila neno walilosema nililisikia, sababu nilikuwa nyuma ya ukuta nawachunga. Hakuna sala. Mimi pia sasa nayajua. Rain. Cloud. Thunder. Kama ni kosa, munifunge na mimi.

Administrateur alimgeukia karani wake.

— Wewe unajua Kingereza?

— Kidogo, Bwana, Théophile alisema.

— Flood ulitafsiri nini kwangu juzi?

— Nilisema... nilisikia blood, damu, Bwana.

— Na huyu binti, ulitaka kumuoa?

Théophile alitazama soksi zake. Hilo likawa jibu.

Lakini mkubwa hapendi kuonekana amekosea. Administrateur aliamuru Moustapha afunguliwe, siku ileile arudi kwao Kabambare, na asionekane tena Kasongo.

— Na mimi naenda, Victorine alisema.

— Wewe hukuhukumiwa.

— Najua, Bwana.

Nyumbani alifunga vitenge viwili na sufuria moja. Hippolyte alisimama mlangoni, hakumzuia.

— Utaolewa na Muislamu.

— Nitaolewa na Moustapha.

— Mapadri wataniuliza.

— Uwaambie ulivyowaambia wale wa leo, Baba. Ukweli.

Mzee alimwekea mkono kichwani, kwa kitambo kifupi tu, kisha akageuka akaingia ndani.

Walipita kijiji cha Lusangi kwa miguu, Moustapha na cherehani kichwani, Victorine na mzigo wake. Njiani Moustapha alimwambia:

— Ungeweza kusema ulichotakiwa. Nisingekulaumu.

— Mimi ningejilaumu. Tembea.

Huko Kabambare, shangazi yake Moustapha, bibi Safi, aliwapokea vizuri, akampa Victorine chumba chake mwenyewe mpaka siku ya ndoa. Siku hiyo, wanawake walipokuwa wanamsuka, Safi alisema:

— Mutoto muzuri. Huku kwetu tutakuita Mwajuma.

— Bibi, asante kwa upendo. Lakini jina langu ni Victorine, na nitaendelea kusali kama nilivyolelewa.

Mikono iliyokuwa inasuka ilisimama. Moustapha, aliyekuwa nje ya dirisha na wajomba zake, alisikia.

— Shangazi, alisema, niliyeomba kumuoa ni Victorine. Mwajuma simufahamu.

Bibi Safi alifikiri, akavuta kichwa cha bibi harusi karibu, akaendelea kusuka.

Wali ulikuwa umekwisha kupakuliwa mtu mmoja alipotokea barabarani, vumbi mpaka magotini, msalaba mdogo shingoni. Victorine alisahau kwamba bibi harusi hatakiwi kukimbia. Akamkuta njiani, akampokea kofia na fimbo.

Walimketisha karibu na shehe, wakamletea maji ya kunawa. Mjomba mmoja wa Moustapha alimwinamia kwa furaha.

— Basi, mzee, umeridhika.

Hippolyte alinawa mikono taratibu, akavuta sahani.

— Sijasema nimeridhika. Nimesema nimekuja.