Mume Hatajwi

Foleni ya wajawazito ilifika barabarani siku ile Prabhat alipomkanyaga muuguzi Kumud mlangoni mwa zahanati, pale mjini Darbhanga.

"Kaka, macho umeyaacha kwenu?"

Akaomba radhi, lakini moyo ulikuwa umeshamponyoka. Sari nyeupe, maua ya asumini kisogoni, na ulimi kama pilipili! Prabhat, mtoto wa mjini Patna, alikuwa amekuja kugawa tableti za kuandikishia wagonjwa, na ukurasa wa kujazia majina aliubuni mwenyewe.

Tangu hapo, kila saa ya chai simu ililia.

"Mpenzi, tableti yako inanitesa," alisema Kumud. "Haisongi mbele mpaka mama ataje jina la mume. Huku kwetu mke hamtaji mumewe, hata umchinje. Na mimi nikiolewa ni hivyohivyo."

"Na langu je?"

"Prabhat, Prabhat, Prabhat. Umesikia? Wewe bado."

Alicheka mpaka akamwaga chai, na lile lalamiko akalisahau. Kusahau huko kulimponza.

Foleni ilipomwelemea, Kumud akawaandikia akina mama wote mume mmoja, Ram, ili kazi iende. Makao makuu wakataka orodha ya zahanati zilizoandika majina ya uongo. Prabhat, kazi zimemkaba, akaituma orodha bila kuisoma. Kumud akaadhibiwa kwa uhamisho wa mbali, Kishanganj.

"Umeniuza, Prabhat."

"Sikuisoma, mpenzi. Kosa ni langu, nitawaambia."

"Nilikwambia mimi, ukacheka."

Aliwaambia kweli. Alizunguka ofisi tatu, kote akajibiwa barua ikishatiwa sahihi hairudi. Kile kipengele cha jina la mume alikiondoa kwa dakika tano. Lakini kwa Kumud mwenyewe hakuwa na la kufanya, na hilo lilimuuma kuliko yote.

Siku ya safari ya Kumud, Prabhat alifika stesheni treni ikiondoka. Akapiga simu huku akikimbia.

"Kumud, nitakuja kwenu kukuposa. Utanikubali, au ndiyo basi?"

Kumud akaanza kulia. Prabhat akasikia simuni sauti ya mama mmoja mle behewani: "Unalia nini, mwanangu? Nani huyo kwenye simu?"

"Ni mtu wangu, shangazi."

"Anaitwa nani?"

Kumud alivuta kamasi.

"Siwezi kumtaja."

Yule mama akacheka, kisha simu ikakatika. Prabhat alisimama mwisho wa jukwaa na simu yake mkononi, akalia mbele za watu.