Kila Wawili Mara Moja

Kila asubuhi Apondi aliteka maji kwenye bomba la mtaa pale Makongeni, akanywa chai na mkate pamoja na wadogo zake, kisha akashika njia ya shule. Mwaka ule wa 1983 alikuwa darasa la saba, naye alikuwa mmoja wa wasichana tisa waliobaki shuleni jioni kujisomea hesabu, na ndiye kiranja wao.

Vitabu vilikuwa vitatu tu, kila kimoja kwa wasichana watatu. Walioshibana walikaa pamoja siku zote. Wacuka, aliyehamia shule hiyo muhula huo, alisoma kwa kuchungulia juu ya mabega ya wenzake.

Mwalimu Nabiswa aliliona hilo. "Apondi," alisema, "nipangie makundi ya siku nne. Kila msichana akae na kila mwenzake mara moja tu, bila kurudia."

Apondi alidhani ni kazi ya kufumba na kufumbua. Siku mbili za kwanza zilipangika, lakini ya tatu na ya nne ziligoma. Kila alipomhamisha mmoja, wengine wawili waligongana. Nje wenzake walikuwa wakimwita waruke kamba. Akajaza majina ovyo, akabandika karatasi ukutani.

"Imekubali?" Mwalimu aliuliza.

"Imekubali, Mwalimu," Apondi alijibu.

Siku ya nne ilipokwisha, Wacuka alimfuata mlangoni. "Nimekaa na Teresiah mara mbili," alisema kwa sauti ya chini. "Nawe hujakaa nami hata mara moja. Hunitaki?"

Apondi alitikisa kichwa. "Kosa si lako, Wacuka. Nililipua kazi, kisha nikamdanganya Mwalimu. Twende nikamwambie."

Mwalimu Nabiswa alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akachora ubaoni mraba wenye vyumba tisa, akawapa chaki. "Jazeni majina humu, halafu mtafute."

Wacuka akaanza. "Kila mstari wa kulala uwe kundi. Hiyo ni siku ya kwanza."

"Na ya kusimama iwe siku ya pili," Apondi akadakia.

Wakajaribu mishazari. Mmoja ulinyooka vizuri, lakini mingine ilikatikia ukingoni. Walifuta na kuandika mpaka mikono ya sweta ikawa myeupe.

"Mistari ipeni namba," Mwalimu alisema. "Sifuri, moja, mbili. Ya kulala na ya kusimama vilevile. Sasa kila jina lina namba mbili. Zijumlisheni. Jumla ikifika tatu au ikizidi, toeni tatu. Wenye jibu moja wakae pamoja."

Siku ya tatu ikapatikana. Apondi alisimama akitazama ubao. "Mwalimu, je, tukitoa badala ya kujumlisha? Jibu likishuka chini ya sifuri, tuongeze tatu."

"Jaribu uone."

Wakajaribu, wakakagua jina kwa jina. Kila wawili walikutana mara moja tu.

"Na tukiongeza siku ya tano?" Wacuka aliuliza.

Apondi alifikiri. "Haiwezekani. Kila mtu ana wenzake wanane, na kila siku anakaa na wawili. Siku nne zikiisha, wenzake wameisha. Kundi lolote tutakaloongeza litarudia watu."

Wacuka akacheka. "Basi mpangilio umejaa pomoni."

Jumatatu mpangilio mpya ulianza. Apondi na Wacuka walikaa pamoja siku ya kwanza, kitabu kikiwa katikati yao. Kabla ya kuanza, Apondi aliwaomba wenzake radhi mbele ya Mwalimu.

"Wasichana," Mwalimu Nabiswa alisema, "hesabu ngumu humkwamisha kila mtu, hata mimi. Kukwama hakuna aibu. Aibu ni kusema imekubali na huku unajua imekataa, kwa maana uongo huo humfungia mwenzako nje. Apondi aliposema kweli, ndipo alipopata mtu wa kumsaidia. Nanyi mkikwama, semeni mmekwama, kisha rudini kazini."

Wacuka alifungua kitabu, akakisogeza ili wote watatu wakione.