Nivushe

Mkanda wa begi la Belyse ulikuwa umepigwa mafundo matatu, na Belyse aliapa kwamba si yeye aliyeyapiga.

"Mama, mi sijafunga kitu," alisema, amepiga magoti sakafuni katikati ya nguo zake. "Labda wewe."

"Labda mi," alijibu Xavérine, upesi mno.

Wala hakuwa yeye. Ilikuwa Ijumaa, saa nane mchana, jua linachoma mabati ya mtaa wa Mbugangari, mjini Gisenyi, na Jumapili binti huyo wa miaka kumi na tisa, mtoto wake wa pekee, angepanda basi kwenda Kigali kuanza masomo ya uuguzi. Peke yake, kwa mara ya kwanza. Xavérine alijifanya anakunja blauzi, lakini pua yake ilikuwa imekwisha kuinasa ile harufu ya mawe ya moto yaliyomwagiwa maji. Akautazama mkeka ulio karibu na mlango. Ulikuwa mtupu. Hata hivyo mtu alisonya hapo, msonyo mrefu wa abiria aliyechoka kungoja gari lijae.

"Ni we umesonya?" aliuliza Belyse.

"Eh. Jino inaniuma."

Jino! Miaka ishirini na miwili mwanamke huyu alikuwa akisingizia jino, panya, upepo wa ziwani. Akialikwa arusi Musanze, gari linamtapisha. Kukiwa na msiba Kigali, miguu imevimba. Ukweli ni kwamba kila alipofungasha nguo, yule wa mlangoni alisimama. Xavérine alisikia kitenge kikikung'utwa, kama mtu anavyojiweka sawa kabla ya kupanda gari, naye akazitoa nguo begini akazirudisha kabatini. Watu wakamwona mvivu wa njia. Afadhali wamwone mvivu, alijiambia, na kwa Belyse hakuwahi kufungua mdomo.

Safari iliyomletea hayo, ukiambiwa, utacheka. Ilikuwa ya kutoka Gisenyi kwenda Goma, mwendo wa miguu. Lakini kwa msichana wa miaka kumi na saba aliyelelewa kwenye mashamba ya viazi ya Cyanzarwe, Goma lilikuwa jiji hasa: pikipiki, muziki, maduka ya vitenge mpaka macho yanachoka. Volkano ilikuwa imepita katikati ya mji mwaka uliotangulia, na mvua ikinyesha mawe meusi yalikuwa bado yanafuka moshi. Siku zote alikwenda na mama yake. Siku hiyo mama aliumwa mguu, akamtuma mwenyewe kununua vitenge vya arusi ya dada. Akanunua, hakuibiwa, hakupotea, akarudi anatembea kifua mbele.

Hatua chache kabla ya Grande Barrière, kituo cha mpaka wa Kongo na Rwanda, mwanamke mmoja alimshika kiwiko. Alikuwa wa makamo, mzuri wa sura, na katika jua lile hakuwa na tone la jasho. Mkononi alishika kafurushi ka kitenge cha manjano, kamefungwa mafundo matatu.

"Ma petite, nivushe. Naenda mu muji mukubwa."

"Muji mukubwa si ni huu, mama? Kule ni Gisenyi tu."

"Iko ingine mbele. We nivushe."

Nani mpakani hajaombwa hivyo? Wanawake wa barrière huvushiana mizigo kila siku: we chukua mafuta yangu, mi nachukua unga yako, tutakutana ng'ambo. Kukataa ni roho mbaya. Xavérine akasema, "Bon, leta," akapokea. Kafurushi kalikuwa na joto kama mkate uliotoka tanuri sasa hivi. Upande wa Rwanda askari akamtazama, akatazama na nyuma ya bega lake.

"Muko wangapi?"

"Mi peke yangu!" alijibu, kwa sauti kabisa, maana neno hilo lilikuwa tamu mdomoni na alikuwa amelingoja siku nzima.

Alimngoja mwenye mzigo hadi mpaka ukafungwa. Akafungua mafundo, moja, la pili, la tatu. Ndani hamkuwa na kitu. Kitenge tu, na ile harufu. Kesho yake alikitupa ziwani, akakiona kinazama kwa macho yake mawili, na alipofika nyumbani akakikuta kwenye kamba ya nguo, kikavu. Tangu hapo kilikaa chini ya sanduku, na mwenye kitenge alikaa mlangoni.

Basi Jumamosi asubuhi, baada ya kuyaona mafundo yale kwenye begi la mwanawe, Xavérine alificha rozari mfukoni, akamwomba Bikira Maria amwelewe, akaenda kwa Shehe Bahizi. Mzee huyu alizaliwa Kigoma akarudi Rwanda mtu mzima, na Kiswahili chake kilinyooka hata watoto wa mtaani wakamwigiza. Alisikiliza yote bila kumkatiza.

"Alisemaje? Nitajie maneno yake, usiongeze wala usipunguze."

"Alisema, nivushe."

"Nivushe, au nivushie?"

"Si ni ile ile, shehe? Sisi hapa tunasema tu."

Shehe aliiweka tasbihi chini. "Si ile ile, mwanangu. Nivushie, hapo ana mzigo. Nivushe, hapo ni yeye mwenyewe."

Xavérine aliishika rozari mfukoni.

"Hukuvusha furushi," alisema mzee, sasa kwa kunong'ona. "Ulimvusha yeye. Kisha ukaulizwa mko wangapi, ukamkana. Atashuka vipi, na hakuna aliyekiri kwamba alipanda?"

"Anatafuta nini kwangu? Mana yanjye, miaka yote hii!"

"Kwako hatafuti kitu. Alikwambia anakwenda mji mkubwa. Nyumba yako ni kituo tu, na sasa ameona gari."

Xavérine akaanza kulia. Shehe akamngojea, kisha akamweleza. Leo hii, mchana kweupe, achukue kile kitenge apite pale pale. Atakayemuuliza wako wangapi, ajibu wawili, mbele ya watu, kwa sauti ile ile aliyomkana nayo. Akifika ng'ambo akiweke chini na kusema: umefika, shuka.

"Na nikikosea?"

"Ukimkana mara ya pili, kwako ataondoka. Lakini ataondoka na nani, hilo mimi silijui."

Saa saba mchana Xavérine alikuwa kwenye foleni ya barrière, kitenge kwapani. Kilikuwa kinapata joto. Nyuma yake kulikuwa na nyayo, na aliposogea hatua moja nazo zilisogea hatua moja, na aliposimama zilisimama, na harufu ya mawe yale ikapanda mpaka akaionja ulimini, na pumzi isiyo ya mtu ikamgusa shingoni pale kitambaa cha kichwa kilipoishia, na moyoni alikuwa anarudia wawili, wawili, tuko wawili, kama mtoto aliyetumwa dukani anavyorudia asisahau, mpaka akafika mbele kabisa ya askari, na hapo hapo mkono ukampiga begani.

"Xavérine! Kumbe nawe unajua njia ya Goma?"

Alikuwa Cyuzuzo, jirani yake, muuza nyanya. Ukimwambia Cyuzuzo jambo saa mbili, saa tatu linajulikana sokoni kote. Wenzake watatu walikuwa naye, wote wanacheka.

"Muko wangapi?" aliuliza askari.

Xavérine alimtazama askari, akamtazama Cyuzuzo. Aliona jinsi habari itakavyopita mtaani, kwamba Xavérine amerukwa na akili, anatembea na mtu asiyeonekana, na Belyse kwa likizo atarudi kuitwa mtoto wa kichaa. Lilikuwa neno moja tu.

"Mi... mi peke yangu."

Karibu na sikio lake mtu alicheka, polepole, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili. Kitenge kikapoa papo hapo.

Ng'ambo alikiweka chini hata hivyo. "Umefika, shuka," alisema. Kilikuwa kitambaa kizee tu, kinanuka uvundo wa sanduku. Aliporudi nyumbani hapakuwa na harufu. Mkeka ulikuwa kimya, na Belyse alikuwa anaimba huku akipiga pasi. Loo, raha gani hiyo! Xavérine alikula sahani mbili. Shehe alipopiga simu kuuliza, alimjibu, "Nilisema wawili, shehe," na alipokata simu alikuwa karibu kuamini.

Jumapili asubuhi kulikuwa na manyunyu na baridi. Kituoni konda alilinyanyua begi la Belyse, akalihamisha kutoka mkono huu kwenda mkono ule.

"Eh, mademoiselle! Umeweka mikate ya moto humu? Linaunguza!"

Belyse alicheka, akapanda. Abiria wakacheka. Xavérine alifungua mdomo kusema shuka, mwanangu, shuka, lakini watu wote walikuwa wanamtazama, na alijiambia ni pasi ya jana, nguo zimeshika joto, nguo hushika joto, na alipomaliza kujiambia hayo mlango wa basi ulikuwa umefungwa. Alilikimbilia mpaka kona. Dereva hakumwona.

Akarudi nyumbani akaketi kwenye ule mkeka wa mlangoni, ambao hakuwahi kuukalia. Ulikuwa baridi. Nyumba nzima ilinuka sabuni, nyumba safi ya mtu anayeishi mwenyewe, na simu ilipolia saa saba aliidaka kwa mikono miwili.

"Mama, tumefika!"

"Mumefika, we na nani?"

"Eh?"

"Umesema tumefika. Belyse, nakuomba, we na nani?"

Belyse alicheka, na karibu kabisa na mdomo wake mtu alishusha pumzi ndefu ya kuridhika, kisha kitenge kikakung'utwa.

"Yewe, mama! Na nani tena? Mi peke yangu."